Jukwaani hakuna msimulizi: majibu kwa wapenzi wa michezo ya kuigiza

Maswali ya safari hii yametoka Unguja na Pemba, mengi kwa watu wa skuli wanaotayarisha michezo. Nimeyafupisha.

Mwanafunzi, Wete: Tumeambiwa tugeuze hadithi fupi iwe tamthilia. Tumeandika majina ya wahusika na maneno yao, lakini mwalimu anasema bado ni hadithi. Kwa nini?

Kwa sababu msimulizi wenu hajaondoka, amejificha midomoni mwa wahusika. Kwenye hadithi yupo mtu wa kukwambia kwamba mzee ni bahili, mkewe keshamchoka na ugomvi wao ni wa siku nyingi. Jukwaani mtu huyo hayupo. Mtazamaji ana macho na masikio yake tu, na kila anachokijua lazima akione kikitendeka au akisikie kikisemwa na mtu mwenye sababu ya kukisema.

Tazameni mstari wenu huu: "Kama unavyojua ndugu yangu, baba yetu alifariki akatuachia shamba la mikarafuu." Kama ndugu anajua, anaambiwa ya nini? Mwacheni mmoja aseme, "Nakwenda shambani kwangu," na mwengine aulize, "Kwako?" Ugomvi umeshaingia, na urithi utajitokeza wenyewe mbele.

Mwalimu, Mkoani: Na sisi mchezo wetu ni wa ndugu wawili wanaogombania shamba. Wamekaa barazani wanabishana mwanzo hadi mwisho, na watoto waliokuja kutazama wakaanza soga zao. Tupunguze maneno?

Mwalimu, maneno mkiyapunguza mtapata mchezo mfupi unaochosha. Kubishana peke yake hakujawa mgogoro. Mgogoro unataka watu wenye haja mbili zisizoweza kutimia pamoja, na jambo linalowazuia kusema "tutaonana kesho". Ndugu zenu wanaweza kuinuka barazani wakati wowote wakenda zao, ndiyo maana watoto hawana wasiwasi nao.

Watoeni barazani. Wawekeni uani, msimu wa karafuu, kila mmoja na pakacha lake akichambua makonyo, hawasemezani. Karafuu zilizochambuliwa jana zimeanikwa juu ya jamvi kubwa. Inasikika ngurumo. Hakuna Mpemba atakayehitaji kuelezwa kilichopo hapo: karafuu ikirowa kabla ya kukauka inaharibika, na bei inaanguka. Jamvi ni zito, mtu mmoja halianui. Kwa hiyo mmoja lazima amwite mwenziwe, kwa jina, na jina hilo hajalitamka tangu mchezo uanze. Aliyeitwa naye ana lake la kuamua. Akienda kushika jamvi, amekiri kwamba mali ni yao wote. Akibaki amekaa, anaitazama sehemu yake ikirowa.

Kilele kiko hapo, na neno "shamba" halijatajwa. Mvua imefanya kazi iliyoishinda ile baraza, kwani mandhari yakiteuliwa vizuri huwasukuma wahusika, hayakai nyuma yao kama pambo. Baada ya hapo msirefushe. Wameanua au hawakuanua, mtazamaji ameona, na mchezo uanze kushuka. Kosa la michezo mingi ya skuli ni kumleta sheha au shekhe dakika ya mwisho atoe nasaha robo saa. Mwacheni sheha wa watu apumzike.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alizitaja sehemu sita za tanzia, yaani mchezo wa huzuni: msuko wa matukio, wahusika, fikra, lugha, uimbaji na yale yanayoonekana kwa macho. Msuko aliuweka mbele ya wahusika. Sikubaliani naye kila siku, lakini kwa mchezo wenu ana haki kabisa.

Msomaji, Jang'ombe: Mume wangu hatazami mchezo ambao mwisho wake anaujua. Mimi natazama hata mara ya tatu. Nani yuko sawa?

Wewe, bibi, na Wagiriki wa kale wako upande wako. Walipokwenda kutazama mchezo wa Sophocles juu ya mfalme Oedipus, kisa walikuwa wanakijua. Mfalme anamlaani hadharani muuaji wa mfalme aliyemtangulia na kuapa kumsaka. Watazamaji wanajua kwamba muuaji ni yeye mwenyewe, na kila swali analouliza linamsogeza karibu na maangamizi yake. Hiyo ni kinaya ya kidrama, mtazamaji kujua asilolijua mhusika. Asiyejua mwisho anauliza "kutatokea nini?" Anayeujua anauliza "atagundua lini?", na swali hilo linauma zaidi.

Kijana, Makunduchi: Mwaka Kogwa wetu ni mchezo wa kuigiza au si mchezo wa kuigiza?

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao cha mwaka 1976 juu ya fasihi na sanaa za maonyesho, walitaja mambo manne: kitu kinachotendwa, mtendaji, uwanja na watazamaji. Kwenye sherehe yenu hiyo ya mwaka mpya yote yapo. Wanaume wanachapana kwa migomba, wanawake wanaimba, kibanda kinatiwa moto, na umati umezunguka. Kwa kipimo hicho ni sanaa ya maonyesho, tena kubwa.

Lakini tamthilia siiti. Anayepigwa mgomba pale ni yeye mwenyewe, kwa jina lake, na maumivu ni yake. Mwigizaji anajifanya mtu mwengine, na sisi tunakubali kwa muda kwamba ndiye. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba nao nauweka huko huko, maana ng'ombe haigizi.

Kikundi cha vijana, Chake Chake: Tuko watatu tu na tamthilia tuliyoichagua ina watu saba. Tuiache?

Msiiache. Kwa Wagiriki wa kale, mtunzi Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu, na watatu hao wakicheza wahusika wote kwa kubadilisha vinyago. Nyinyi mna kanga, kofia na bakora. Hakikisheni tu kwamba wahusika wanaochezwa na mtu mmoja hawakutani jukwaani. Mkitaka yenye watu wachache tangu mwanzo, tafuteni Amezidi ya Said Ahmed Mohamed wetu wa Zanzibar, iliyobebwa kwa sehemu kubwa na Ame na Zidi.

Mwandishi chipukizi, Mwanakwerekwe: Maelekezo ya jukwaani niandike kiasi gani?

Machache. Andika linalofanywa na mwili, usiandike linalopita moyoni. "Anakunja jamvi" linachezeka. "Anakumbuka utoto wake" halichezeki, mwigizaji atasimama tu akitazama dari. Na kama ukumbi wenu una taa moja, usiandike machweo.