Kinu kibaki, mbuzi iende zake

Mhariri, mliuliza hivi: kati ya vyombo vya mbao vya kuchongwa jikoni mwako, kipi kibaki na kipi kistaafu? Najua wengi watajibu kwamba vyote vibaki kwa kuwa ni urithi wa bibi zetu. Mimi napikia shughuli hapa Tanga, harusi kwa hitima, na jikoni kwangu urithi peke yake haumpi mtu nafasi. Chombo kinabaki kikimshinda mwenzake wa kisasa kwa kazi.

Nianze na wa kustaafu. Mbuzi ya nazi, ahsante kwa utumishi. Nazi mbili za mchuzi wa nyumbani, sawa, kaa ukune. Nazi za wali wa ukumbi mzima nazipeleka sokoni kwenye mashine, na mgongo wangu unashukuru. Wapo wanaoapa kwamba tui la mashine ni jepesi. Tui ni nazi yenyewe na mkono wa mkamuaji. Nazi changa haitoi tui zito hata uikune kwa mbuzi ya dhahabu. Upawa wa kifuu nao una shida ya mpini: ukilegea, mchuzi unaingia kwenye tundu na hautoki. Chano kimeshapokwa kazi na sinia zamani, na sijasikia mtu akilia.

Kinu ndicho sikitoi. Kazi ya unga kimenyang'anywa na mashine za kusaga, lakini kisamvu bado ni chake. Blenda inadai maji ndipo izunguke, na ikimaliza inakupa uji wa kijani. Mchi unaponda jani mpaka nyuzi zinalainika, bila tone la maji. Halafu kisamvu kibichi kina sumu ya jamii ya sianidi: kuponda kunaifungulia, kuchemsha sana kunaiondoa, kwa hiyo kukitwanga vizuri si mbwembwe za wazee. Wakongomani, ambao kwao ni sombe, hawahitaji kufundishwa hilo.

Ila kinu kiwe kinu. Kinatoka kwenye gogo moja, fundi analichimba kwa tezo na patasi, na hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Gogo bichi ni laini, linachongeka upesi. Fundi mwenye njaa analimaliza siku hiyohiyo na kulipeleka sokoni likiwa na maji ndani. Nje kunakauka na kusinyaa wakati ndani bado kubichi, ufa unaanza, na mwezi haujaisha unatwanga karanga zinavujia sakafuni. Fundi mvumilivu anatoa umbo kwanza, kuta akiziacha nene, analiweka kivulini pasipo na upepo mkali, kisha baadaye analirudia kumalizia. Hicho kitakuwa ghali kidogo. Lipa. Na kabla ya kukitumia, kitwangie pumba na umwage, urudie mpaka vumbi la mti likome.

Mwiko sina haja ya kuutetea sana. Mti haupitishi joto haraka, kwa hiyo unasonga ugali wa sufuria kubwa bila kuungua kiganja, na haukwangui sufuria. Wa plastiki nimeuona ukijikunja mdomo juu ya moto. Kibao cha chapati na mti wake wa kusukumia navyo vibaki.

Kuna bwana afya aliwahi kunieleza kwamba mbao zinafuga vijidudu, ninunue ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Kwa nje inaonekana kweli. Lakini Dean Cliver, mtafiti wa Marekani, alilipima jambo hili katika miaka ya 1990 na kukuta kinyume chake: bakteria waliowekwa kwenye ubao wa mti walizama ndani na wakaendelea kufa humo, ilhali plastiki iliyochanjwachanjwa na kisu ilikuwa ngumu kuisafisha. Hiyo si ruhusa ya uchafu. Osha kwa maji ya moto na sabuni, simamisha ukauke, na usiache mwiko ukilala ndani ya beseni la maji usiku kucha.

Niongeze moja ambalo swali lenu halikuligusa, nalo ni mti wenyewe. Pwani ya Kenya wachongaji walitegemea muhugu na mpingo mpaka miti hiyo ikaanza kuadimika, wengine wakahamia kwenye mwarobaini na mwembe. Kazi nyingi ni vijiko vya saladi vyenye shingo ya twiga, ambavyo sijaona mpishi yeyote wa huku akivitumia, lakini uamuzi wa kubadili mti ulikuwa wa busara. Mpingo unakua polepole mno, na watengeneza zumari za Ulaya, klarineti na nyinginezo, wanautaka huohuo. Kuufanya mwiko wa kusongea ugali ni israfu. Mwembe uliochoka kuzaa upo kila mtaa, na mwiko wake unanitosha.

Kwa hiyo nikienda kununua, bei huja mwisho. Kwanza nauliza ni mti gani na umekauka tangu lini. Muuzaji akibabaika, nasogea kwa jirani yake.