Maswali yenu: kuachwa mlimani, kukatika pumzi, na ile aibu ya kufika wa mwisho

Wiki hii karibu maswali yote yametoka kwa watu wa Nairobi wanaotoka Jumamosi asubuhi na vikundi vya baiskeli, wengi njia ya Kiserian kupanda Corner Baridi, wengine Limuru na Tigoni kwa mashamba ya chai, na karibu nyote mnaandika mkiomba msamaha ati mko polepole. Basi tuanzie hapo.

*Kila kilima naachwa. Wananisubiri juu, lakini nikifika tu wanapanda baiskeli na kuondoka. Tukifika kilima cha tatu nimeisha kabisa. Niache tu?* (Rongai)

Usiache. Hebu angalia vile mambo yanaenda: wenye kasi wamekaa pale juu dakika 10, wamekunywa maji, wamekula ndizi, wamepiga na picha, halafu wewe uliyechoka kuliko wao unapata sekunde kumi, yaani kundi linampumzisha asiye na shida na linamnyima mwenye shida, kisha kilima kinachofuata mtu anasema huyu hana miguu. Atakuwa na miguu wapi na hajapumzika tangu Kiserian!

Ongea na kiongozi asubuhi kabla hamjatoka, sio huko juu ukiwa unahema. Mwambie muda wa kusimama uhesabiwe kuanzia wa mwisho akifika, dakika 5 zinatosha. Kiongozi anayejali watu wake atakubali, na akikataa tafuta kundi lingine bila kujilaumu hata kidogo. Na ukifika juu usianze na "poleni nimewachelewesha". Kunywa maji, kula kitu, hiyo pole haikurudishii nguvu.

Tena angalia mko wangapi huko nyuma. Kwenye Tour de France wale wa kufyatuka kwa kasi mwishoni, wenye miili mizito, milima ikianza hukusanyika nyuma wakapanda pamoja mwendo wa kuvumilika, shida yao ni kufika kabla muda uliowekwa haujaisha, basi. Na hao ni watu wanaolipwa kwa hii kazi. Mkiwa wawili au watatu wa polepole pandeni pamoja, utashangaa mlima unavyokuwa mfupi ukiwa na mtu wa kuongea naye.

*Nikianza mlima niko sawa kabisa, nikifika katikati pumzi inakata. Nakosea wapi?* (Kikuyu)

Unaanza na kasi ya wengine. Ukiwa chini miguu bado iko fresh kwa hivyo unawafuata, halafu unalipia katikati. Na kumbuka sisi tunapandia juu tayari, Nairobi ni kama mita 1,700 juu ya bahari na Limuru imepita 2,000, hewa huku ni nyepesi, ukishapitiliza kuirudisha pumzi inachukua muda. Kipimo changu: kama huwezi kumaliza sentensi nzima, punguza. Ingia gia nyepesi mapema kabla mlima haujasimama, maana ukibadilisha ukiwa umekandamiza pedali cheni inagoma. Na kama gia yako nyepesi kuliko zote bado inaumiza magoti, muulize fundi kama baiskeli yako inaweza kubeba kaseti ya nyuma (zile gia za gurudumu la nyuma) ambayo kubwa yake ina meno 32 au 34. Hiyo sio kudanganya, mimi niliiweka na ndio nikaanza kupenda milima.

Ujanja mwingine, anza kilima ukiwa mbele ya kundi. Wakikupita mmoja mmoja, hadi wa mwisho akupite mko karibu juu.

*Naogopa kukaa karibu na gurudumu la mtu.* (Ruaka)

Na ni haki uogope, lakini jifunze, kwa sababu kwenye tambarare anayejificha upepo nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi sana, na hizo ndizo utakazotumia mlimani. Tafuta rafiki mmoja unayemwamini na barabara isiyo na matatu, anza mita 2 nyuma yake, sogea taratibu wiki kwa wiki. Angalia mabega yake, sio tairi. Gurudumu lako la mbele lisiwahi kuwa sambamba na lake la nyuma, hapo akiyumba kidogo tu, wewe ndiye utaenda chini.

*Nikibaki peke yangu nyuma Magadi Road itakuwaje?* (Ngong)

Hufai kubaki peke yako. Uliza kabla ya kutoka: nani anakaa nyuma leo? Kama hakuna jina linalotajwa, usiende hiyo safari. Ukienda, beba tyubu, pampu, simu yenye chaji na maji ya ziada. Na usivutwe na ule mteremko mtamu wa kutoka Corner Baridi kwenda Olepolos, kwa sababu kurudi ni kupanda huohuo, jua likiwa limeshika na chupa ziko tupu. Kama miguu imeanza kulalamika, mwambie kiongozi na ugeukie Corner Baridi.