Ghorofa limelala ubavu, kuta nzima

SWALI: Nimeona picha za maghorofa ya Niigata, Japani, yaliyolala baada ya tetemeko la 1964 bila kuta kuvunjika. Kilishindwa nini? Kiwanja changu ni cha mchanga, kando ya mto, na fundi anasema nondo zikiongezwa inatosha.

JIBU: Kilichoshindwa ni ardhi, na nondo hazitaiponya. Chembe za mchanga uliolegea hubeba jengo kwa kuegemeana. Mchanga huo ukiwa umejaa maji, mtikiso huzilazimisha chembe zijibane. Maji hayawahi kutoka, presha yake inapanda, na chembe zinaachana. Ardhi inakuwa uji mzito. Jengo lenye msingi wa juujuu huzama, na kwa kuwa udongo haulegei sawasawa kila upande, huinama.

Vilivyo vyepesi na vimefukiwa hupanda. Uji huo unakaribia mara mbili ya uzito wa maji, hivyo tangi tupu huelea na kukata mabomba kwenye maungio. Urayasu, Japani, mwaka 2011, chemba za maji taka zilichomoza juu ya barabara.

Kinachotutia hofu zaidi kwako ni mto. Ukingo hauna cha kuuzuia, kwa hiyo ardhi huteleza kuelekea majini hata penye mteremko mdogo sana, ikipasua msingi katikati.

Basi usichore ramani kabla ya kupima udongo. Wapimaji watoboe hadi mita 15 au 20, wakigonga bomba la kipimo kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka sentimita 76, na kuhesabu mapigo ya sentimita 30 za mwisho za kila kipimo. Mchanga safi ulio chini ya maji ukikubali kwa mapigo 10 tu, ni wa hatari. Ukidai zaidi ya 30, baada ya mhandisi kurekebisha hesabu kulingana na kina cha kipimo, kwa kawaida haugeuki uji. Kina cha maji ya ardhini kipimwe msimu wa mvua.

Kushindilia juu kwa roli hakufiki kwenye tatizo. Kunahitajika kushindilia kwa mtetemo hadi chini, au nguzo za kokoto, ambazo pia huyapa maji njia ya kutokea. Nguzo za zege zifike tabaka gumu, tena zihesabiwe kuhimili msukumo wa pembeni. Kwa nyumba ndogo, jamvi moja la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima halizuii kuzama, ila huzuia kuta kuachana, na nyumba yaweza kuinuliwa baadaye. Mabomba yanapoingia ndani, weka maungio yanayonyumbulika. Ukingo wenyewe ukionekana kulegea, sogeza nyumba mbali nao, au tafuta kiwanja kingine.