Alumini ya Sufuria Imekwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha sabuni ya mwani hapa Wete kilikoroga kostiki kali (soda ya kutengenezea sabuni) ndani ya sufuria ya alumini. Maji yalitokota bila ya moto na sufuria ikatoboka, lakini yalipotulia yalikuwa maangavu, isipokuwa masizi kidogo chini. Alumini imekwenda wapi? – Mama wa kikundi, Pemba.

JAWABU: Imo humo humo majini, Bibi yangu, ila si metali tena. Kostiki huyeyusha kwanza utando mwembamba wa oksidi unaoilinda alumini, kisha kila atomu hupoteza elektroni 3 na kuzungukwa na haidroksidi 4 (jozi za oksijeni na haidrojeni), ikawa ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, iitwayo aluminati, ambayo chaji yake ni hasi. Elektroni hizo huyavunja maji na kutoa haidrojeni, ndiyo mapovu mliyoyaona (nayo huwaka, basi shukuruni hapakuwa na jiko karibu). Aluminati ikizidi sana, baadhi ya ayoni huungana mbili mbili.

Kuirudisha alumini iwe metali tena kwa umeme ndani ya maji hayo ni kazi bure, kwa sababu aluminati huhitaji takriban volti −2.3 zikilinganishwa na elektrodi sanifu ya haidrojeni (kipimo cha kulinganishia kinachohesabiwa kuwa sifuri), ilhali maji yenye alkali kali huanza kutoa haidrojeni karibu na volti −0.83 tu, yaani mapema zaidi, hivyo umeme wote huishia kwenye mapovu.

Mkitaka kuiona, vaeni glavu, zimueni matone machache kwa maji mengi, kisha dondosheeni siki polepole: litatokea wingu jeupe la haidroksidi ya alumini.