Ukifika Pangani, anza na mto

Mara ya kwanza nilifika Pangani saa sita mchana kwa basi la kutoka Tanga. Nikapiga picha Boma, nikala wali wa nazi kwa samaki, nikarudi. Safari ya pili, mzee mmoja muuza kahawa aliniuliza, "Mjukuu wangu, mto umeupanda?" Nikamjibu bado. "Basi hujafika."

Alisema kweli, na tangu hapo kila anayeniomba ushauri namwambia aanze na mto.

Kabla ya kutafuta boti, ulizia maji. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, ukasafiri kama kilomita 500, lakini huku chini bahari ndiyo inayoutawala. Maji yakijaa boti inapanda bila taabu, yakipwa mafungu ya mchanga yanatokeza. Mimi sikuuliza. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tukachelewa kurudi, tukakwama kwenye fungu. Nahodha alisukuma kwa upondo mpaka akachoka, tukakaa kungoja maji yajae. Muulize nahodha jioni ya kuamkia safari, naye atakupangia saa ya kuondoka.

Ukipita mikoko, minazi inaanza. Hapo mwombe nahodha azime mashine mkae kimya kidogo. Katika karne ya 19 kingo hizi zilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Bushiri bin Salim al-Harthi. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika pwani ya Mrima, ambayo Sultani Khalifa wa Zanzibar alikuwa ameikodishia, ugomvi wa kupandisha bendera ya kampuni ulizuka hapa Pangani na vita vikaenea pwani nzima. Bushiri akawa kiongozi wake, na tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa katika mji huuhuu. Nakusihi usimpunguze ukimsimulia. Alimiliki watu, na alipigana na wavamizi. Yote mawili ni yake, na waliolima miwa ile wanastahili kutajwa kila anapotajwa yeye.

Ng'ambo, upande wa kusini, ulizia Kikogwe. Huko ndiko mkonge ulikoanza kulimwa nchini mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoagiza Richard Hindorf kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kilimo cha mkonge unachokiona njiani Tanga kilianza na hiyo.

Mjini, tembea polepole. Boma lina ofisi za serikali, kwa hiyo omba ruhusa kwanza, kisha simama mbele ya milango ya nakshi. Katika nyumba kuukuu za karibu na mto, tafuta mahali chokaa ilipobanduka. Utaona jiwe la tumbawe lenye vitundu kama nyota, na juu yake ncha ya boriti ya mkoko. Usichokoe. Kila mvua inaondoka na kipande, na inaniuma kila nikirudi kukuta ukuta niliouacha umesimama umelala chini.

Alasiri vuka mto kwenda Bweni, kisha panda mlima. Ukiwa juu unauona mji wote, na maji ya udongo yakiingia kwenye bahari ya buluu.

Ukipata nafasi, zungumza na wakulima wa juu kidogo ya mji. Mmoja alinichotea maji ya mto kwa kifuu, akaniambia nionje. Yalikuwa ya chumvi. Maji matamu yanatumika mno huko juu kwa kumwagilia, yanayofika chini yamepungua, na bahari inazidi kupanda mtoni. Usiondoke Pangani na habari za Wajerumani tu. Sikiliza na hizi.

Wakati wa kurudi Tanga, shuka Tongoni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya zamani kuliko Pangani unayoiona leo. Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498, tayari watu walikuwa wakiishi hapo. Nguzo nyingi zimeanguka, kwa hiyo usipande makaburi wala kuegemea zilizobaki. Niliwakuta vijana wamekaa juu ya kaburi wakipigana picha. Nikawaomba kwa upole washuke, wakashuka, tukayazunguka pamoja.