Boti ya kulinda grupu la Telegram: ifute linki, watu waachie maadmini

Kama una grupu la Telegram lenye watu wengi unaijua hii, unalala likiwa safi unaamka limejaa "wekeza elfu 50 uvune laki 3 leo leo" na linki za ajira feki, na wanaoliwa ni wale wenye shida ya kazi kweli. Mimi ni admini wa grupu la walimu tunaopeana notsi na mitihani, hili jambo linaniuma sana, ndo maana nikaandika boti, yaani programu inayofanya kazi yenyewe ndani ya Telegram, na nakushauri na wewe uandike yako, Python kidogo tu inatosha.

Unaanzia kwa @BotFather, boti ya Telegram yenyewe ya kutengenezea boti nyingine, unaandika /newbot, anakupa tokeni. Tokeni ndo ufunguo wa nyumba, aliyenayo anaiendesha boti atakavyo, kwa hiyo usiiache ndani ya kodi za programu halafu ukapandisha GitHub, mtandao wa kuhifadhi kodi, na ikivuja rudi kwake fasta na /revoke akupe nyingine. Usipoipa boti uadmini itakaa kimya maana Telegram kwa kawaida inaificha meseji nyingi za watu. Ruhusa ni mbili tu, kufuta meseji na kufungia watu, zingine za nini?

Sasa linki ndo penye kazi. Wengi wanatafuta "http" kwenye maandishi wanaona wamemaliza, kumbe linki inafichwa nyuma ya maneno, we unaona "Bonyeza hapa kuomba kazi" basi. Angalia entities za meseji, yaani orodha ya vipande maalumu ambavyo Telegram imeviona kwenye maandishi, shika url (linki inayoonekana) na text_link (iliyofichwa nyuma ya maneno) zote mbili, usisahau caption_entities, orodha hiyohiyo kwa maelezo ya picha, maana matangazo mengi yanakuja kama picha yenye maelezo chini. Halafu kuna hawa wa kuediti, anaingia anaandika "habari za asubuhi ndugu zangu", boti inamwacha apite, baadaye anaiediti ile salamu inakuwa tangazo, na boti isiyosikiliza edited_message, taarifa ya meseji iliyoeditiwa, haimuoni kabisa.

Tovuti mnazozitumia kikazi ziruhusu, sisi necta.go.tz ya Baraza la Mitihani la Tanzania lazima ipite, ila usiangalie tu kama hayo maneno yamo kwenye linki, tapeli atakuletea necta.go.tz.kitukingine na itapita kama maji. Angalia jina la tovuti linaishia na nini. Na kama grupu limeunganishwa na chaneli yenu, ruka meseji zenye is_automatic_forward, yaani zilizoletwa zenyewe kutoka kwenye chaneli, la sivyo boti itafuta matangazo yenu wenyewe.

Kwenye adhabu mimi sikubali kabisa boti imtoe mtu. Ifute, imfungie saa moja asiandike, itume nakala kwenye grupu dogo la maadmini, mtu mwenye akili aamue, maana mwalimu aliyebandika linki ya semina sio tapeli na ukimtoa kwa mashine harudi tena, ameshaona amedharauliwa. Muda wenyewe unaandikwa kwa sekunde, chukua muda wa sasa ujumlishe 3600, ukiweka chini ya sekunde 30 kutoka sasa au zaidi ya siku 366 Telegram inahesabu kifungo cha milele.

Na jamani, boti isiwe na mdomo. Kukaribisha kila anayeingia na kutangaza kila ilichofuta, hiyo nayo ni spamu, tena Telegram yenyewe imeweka kikomo cha meseji 20 kwa dakika kwenye grupu moja, ukizidisha inakurudishia kosa namba 429, yaani umetuma mengi mno, pamoja na sekunde za kusubiri, na wakati huo matapeli ndo wanamwaga linki.