Mwekezaji Akija, Usiishie Getini

Mwezi uliopita nimekabidhiwa idara ya matengenezo kiwandani kwetu. Kiti hicho hakikuwahi kukaliwa na Mtanzania. Fundi mmoja wa kutoka nje akiondoka, analetwa mwingine. Nimefurahi, sifichi. Tangu nilipotangaza hapa nimepokea ujumbe mwingi, na karibu wote unauliza jambo moja: kaka, kila siku tunasikia wawekezaji wanakuja, mbona ajira hatuzioni?

Kwanza, zile hesabu za maelfu ya ajira zinazosomwa mradi unaposajiliwa ni ajira zinazotarajiwa. Pili, mitaji haifanani. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Wakati wa kulilaza linataka wachomeleaji, madereva, wapishi wa kambini. Likishafukiwa, vituo vyake vinaendeshwa na watu wachache. Kiwanda cha nguo kinaajiri wengi kwa mtaji mdogo kuliko huo, ila roho yake iko kwenye soko la mbali. Kule Hawassa, Ethiopia, kampuni ya PVH ya Marekani iliamua kufunga kiwanda chake Novemba 2021, vita vikiwa vimepamba moto na Marekani imeshatangaza kuiondoa Ethiopia kwenye AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, kuanzia Januari 2022.

Halafu kuna fedha ya kigeni inayokuja kununua kilichopo bila kujenga kipya. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, baba yangu alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Mwekezaji aliingia, mzee akarudi nyumbani na karatasi za mafao.

Mimi nilianza kwa deiwaka, kibarua cha siku kwa siku. Kiwanda ni cha vyombo vya plastiki, jina lake silitaji. Asubuhi mnapanga mstari getini, supavaiza ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Nilipewa kisu nikate mabaki kwenye kingo za mabeseni yakiwa bado ya moto. Miaka hiyo naipita.

Kilichonitoa ni mashine. Paneli zote ziliandikwa Kichina. Fundi mgeni anabonyeza, ndoo zinatoka, sisi tunatazama. Nikaanza kunakili zile alama kwenye daftari, moja moja, na pembeni naandika kilichotokea alipobonyeza: joto limepanda, moldi (kalibu inayoipa ndoo umbo) imefunga, presha imeshuka. Ndoo ikitoka haijajaa upande mmoja, nilimwona anakimbilia kupima hita za kwenye silinda, kwa sababu hita ikiungua plastiki inakuwa nzito, haifiki mwisho wa moldi. Nikalishika hilo. Usiku mmoja yeye hayupo, mashine ikaanza kutoa ndoo pungufu, shifti nzima imesimama. Nikapima hita, nikaikuta moja imekufa, nikaibadilisha. Hadi alfajiri ndoo zilikuwa zinatoka nzima.

Mnadhani nilipandishwa? Waliletwa mafundi wengine, na mimi ndiye niliyewaonyesha tabia za mashine za pale. Wao walikuwa wanalipwa mishahara ambayo mimi hata kuisogelea siwezi. Linaniuma hadi leo. Ofisi iliyokuwa ikiniambia "subiri kidogo" ilijua vizuri inachofanya.

Nilikuja kusaidiwa na sheria. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayemwombea mgeni kibali cha kazi awe na mpango wa kurithisha ujuzi huo kwa Mtanzania, na kibali chenyewe kina ukomo. Niliisoma kwenye simu, nikaenda kwa viongozi wa chama cha wafanyakazi tawini kwetu, tukauliza kwa barua: mpango uko wapi, na Mtanzania anayeandaliwa ni nani? Jina halikuwepo. Likaandikwa langu.

Ndugu zangu vijana, jifunzeni mashine. Kama umeajiriwa kufungasha, fungasha, lakini muda wa mapumziko uwe karibu na fundi. Uliza. Andika. Nenda chuo cha ufundi cha VETA jioni ukachukue cheti cha umeme au cha hidroliki, yaani mitambo inayosukumwa kwa presha ya mafuta, maana bila karatasi watakwambia huna sifa hata kama mashine unaijua kuliko wao. Anayejua kufungasha tu, kiwanda kikifungwa anabaki mikono mitupu. Anayejua hidroliki anavuka barabara na kuingia kiwanda kingine, mwenye kiwanda awe Mchina, Mhindi au Mchaga. Faida ya mwekezaji inayobaki nchini ni hiyo, na haiji yenyewe, lazima uifuate. Jifunzeni mashine!

Na ninyi mnaokaa ofisi za rasilimali watu, mnaosaini mipango ya kurithisha ujuzi kisha mnaifungia kabatini: itoeni, ibandikeni kwenye ubao wa matangazo, ikiwa na majina ya watu na tarehe ya kila mmoja kukabidhiwa kazi.